Chini matumbawe, juu udongo mwekundu: udongo wa Mombasa umetoka wapi?

#1 Mdodosi wa Kibokoni

Salaam aleikum wanajukwaa. Kisiwa hiki cha Mombasa kimekaa juu ya matumbawe, na asiyeamini aende Fort Jesus akatazame handaki lililochongwa ndani ya jiwe lenyewe katika miaka ya 1590. Matumbawe ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa iliyojengwa na viumbe wa baharini. Lakini ukichimba msingi Tudor au ng'ambo Nyali, kabla mtaimbo haujagonga jiwe unapita kwanza katika udongo mwekundu unaonata vidoleni na kuacha doa lisilotoka kwa sabuni. Udongo huo ni wa mfinyanzi, na udongo wa mfinyanzi umeundwa kwa silika na aluminiamu, vitu ambavyo chokaa safi haina. Madai yangu basi ni kwamba udongo wetu haukuzaliwa na jiwe ulilolilalia. Ni mgeni kutoka kwenye miamba ya fuwele ya bara, huko Taita na kwingineko, iliyooza kule kisha ikaletwa huku. Anayeona vinginevyo aeleze, na anayekubaliana nami atueleze udongo huo ulipita njia gani.

#2 Fundi wa Likoni

Waaleikum salaam. Bwana Mdodosi, mimi sikusoma jiolojia, lakini nimeshika mtaimbo tangu ujana, na ninachokiona shimoni hakiafikiani na madai yako. Udongo ule haukumwagwa juu ya jiwe. Umeingia ndani ya jiwe, katika mifuko na mifereji inayoshuka wima, mingine inampita mtu kimo, na kuta za mifuko hiyo zimelainika kwa kulambwa na maji. Jiwe limeliwa na mvua, chokaa ikaondoka na maji, na uchafu uliokuwamo ukabaki. Waulize wachoma chokaa: wakishaizima chokaa na kuichekecha, hubaki makapi yasiyoyeyuka. Makapi hayo ndiyo udongo wako, tena bila nauli ya kwenda Voi.

#3 Mwanafunzi wa Madini

Shukrani kwa uzi huu. Nimfafanulie kwanza Bwana Mdodosi kilichomo katika madai yake, halafu nimrudie Fundi.

Miamba ya fuwele, kama vile graniti na naisi, imejaa madini ya feldispa, kwatzi na ulanga. Madini haya yaliumbika chini kabisa ya ardhi penye joto na mgandamizo mkubwa, na yakifika juu hayastahimili kwa usawa. Maji ya mvua huchukua kaboni dioksidi hewani, na zaidi katika udongo wenye mizizi, yakawa asidi hafifu. Asidi hiyo huishambulia feldispa polepole: potasiamu, sodiamu na kalsiamu huyeyuka na kwenda zake, sehemu ya silika nayo huondoka, na aluminiamu, ambayo haiyeyuki kwa urahisi, hubaki ikajipanga upya pamoja na silika iliyosalia na maji. Kinachopatikana ni kaoliniti, ambayo ni aina ya mfinyanzi. Ukitaka hesabu, feldispa ya potasiamu yenye atomi sita za silikoni hupoteza nne na kubaki na mbili. Mvua ikizidi na maji yakipita kwa kasi, hata hizo mbili huondoka na kubaki gibsaiti, ambayo ni mali ghafi ya aluminiamu. Ulanga mweusi hutoa chuma chake, nacho kikishaoksidika huwa hematiti, na asilimia chache tu za hematiti zinatosha kuupaka udongo wote rangi nyekundu. Kwatzi hubaki karibu ilivyokuwa, ikawa mchanga.

Sasa nije kwa Fundi. Makapi ya tanuri si ushahidi mzuri, kwa sababu mengi ni jiwe lisiloiva. Yadondoshee siki, yakitoa povu, bado ni chokaa. Tazama pia hesabu ya jiwe lenyewe. Tuchukulie kwamba lina asilimia moja ya vitu visivyoyeyuka. Mita moja ya jiwe ikiyeyuka yote itaacha udongo wa unene wa sentimita moja na nusu hivi. Matumbawe yanayoonekana ufukweni mwetu ni ya kipindi cha takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Tukikadiria kwamba mvua inakula milimita 30 za jiwe kwa kila miaka 1,000, tangu wakati huo zimeondoka kama mita nne, nazo zingetuachia udongo wa sentimita sita. Sentimita sita, Fundi, si mifuko inayompita mtu kimo.

#4 Mtaita wa Wundanyi

Naishi Mombasa lakini nimezaliwa milimani, na hayo aliyoyaeleza Mwanafunzi mimi nimeyashika kwa mkono. Pale barabara ya kupanda Wundanyi ilipokata mlima, utaona ukuta wa mwamba wenye mistari myeupe na myeusi iliyojikunja kama ilivyo kawaida ya naisi. Ukitazama kwa mbali unasema ni jiwe. Ukisogea na kuugusa, kidole kinazama. Mistari myeupe, iliyokuwa feldispa, imekuwa unga laini unaopakika kiganjani. Ulanga umegeuka rangi ya dhahabu na unabanduka vipande vipande. Na punje za kwatzi zimebaki ngumu zikiukwaruza ukucha. Mwamba umeoza wote bila kupoteza sura yake, na jembe la kawaida linaukata. Wenyewe huko huuchukua na kuusiriba nyumba.

Ila jambo moja liangaliwe. Hali hiyo ni ya juu mlimani, ambako ukungu haukatiki na kilele cha Vuria kinafika mita 2,208. Ukishuka Voi na Mwatate penye ukame, naisi ileile utaikuta imekauka na kupasuka mabamba, na udongo juu yake ni haba. Kwa hiyo mnaposema "udongo umetoka Taita", semeni ni Taita ipi.

#5 Mchimba Visima

Mnaruka hatua. Kati ya Taita na Mombasa hakuna uwanja mtupu ambao udongo uliupita ukaja kutua kwetu. Ukitoka kisiwani kwenda bara unakutana kwanza na matumbawe na mchanga wa Kilindini, kisha mwambatope (tope la kale lililogeuka jiwe) wa Jurasiki, enzi ya dinosaria, unaouona Changamwe na Miritini, halafu mawe ya mchanga ya Mazeras, ya Mariakani, tabaka za Maji ya Chumvi, na changarawe ngumu ya Taru. Baada ya Taru ndipo unapoingia kwenye miamba ya fuwele yenyewe. Mpangilio huo umo katika ramani ya jiolojia ya Mombasa na Kwale iliyochapishwa 1953, na kila anayechimba visima upande huu anaujua kwa hasara ya patasi zake.

Maana yake ni nini? Ni kwamba miamba ya fuwele, ambayo ilipikwa na kukunjwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ilianza kuoza na kutuletea udongo zamani sana kabla ya matumbawe haya kuwapo. Tope lililokuwa likishuka wakati wa Jurasiki lilitua baharini likagandamana na kuwa mwambatope wa Miritini, ndiyo sababu humo hupatikana visukuku vya amoniti, viumbe wa baharini wa kale. Sasa mwambatope huo unaoza tena. Udongo wa mfinyanzi wa Miritini kwa hiyo umeshatumika mara mbili, kama si tatu. Huwezi kusema punje hii ilitoka Taita moja kwa moja.

#6 Nahodha Mstaafu

Wanangu, mnahangaika na mito na mvua na mmesahau upepo. Tulipokuwa tukirudi na kaskazi kutoka pande za Uarabuni na pwani ya Somalia, zilikuwapo siku ambazo anga lote lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa, na asubuhi tanga na kamba zote zina vumbi jekundu. Vumbi lile lilikuwa likienda wapi? Lilikuwa likienda mlipo nyinyi. Kwa miaka elfu mia na ushei, vumbi kidogo kila msimu linatosha kuijaza mifuko yote ya Fundi, wala hakuna haja ya mto hata mmoja.

#7 Mwalimu wa Zamani

Nahodha, hoja yako si ya kubezwa, na ina mfano mashuhuri. Kisiwa cha Barbados nacho ni cha matumbawe na kina udongo mzito juu yake. Watafiti walioulinganisha kikemia walikuta kwamba haukutokana na matumbawe pekee. Ndani yake mna majivu ya volkeno ya kisiwa cha jirani cha St. Vincent na vumbi la Sahara lililovuka bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo upepo kuzalisha udongo juu ya matumbawe ni jambo lililokwisha thibitika kwingine.

Lakini kwetu kuna kizuizi. Kaskazi ni miezi michache tu, takriban Desemba hadi Machi. Kusi ndiyo inayotawala sehemu kubwa ya mwaka, nayo inatoka bahari ya Hindi, haina vumbi bali chumvi. Na kama kuna atakayesema kwamba huenda ni majivu ya Kilimanjaro, namkumbusha kuwa pepo zetu zote mbili huelekea bara. Majivu yangekwenda upande wa pili.

#8 Bi Mkubwa wa Mwembe Tayari

Nimesoma yote na nimecheka. Mmeutafuta udongo Taita, Somalia na Barbados, na hakuna aliyewatazama watu. Mji huu ulikuwa na nyumba za miti na udongo kila mtaa. Udongo wa kukandika ulichimbwa bara na ng'ambo ukaletwa kwa mapunda na madau, na nyumba ikianguka haizolewi, husawazishwa ikajengwa nyingine juu yake. Hata nyumba za mawe za Mji wa Kale zilijengwa kwa vipande vya matumbawe vilivyoshikwa kwa chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu. Zidisheni hayo kwa mamia ya miaka ya makazi, kisha mniambie kama kuna shimo Mji wa Kale ambalo udongo wake haukuguswa na mkono wa mtu. Bwana Mdodosi ni wa Kibokoni. Shimo lake huenda ni ukuta wa babu wa jirani yake.

#9 Mdodosi wa Kibokoni

Bi Mkubwa, heshima yako. Kwa Kibokoni nakubali kwamba watu wamechangia, lakini udongo uleule upo Nyali na Kisauni katika viwanja ambavyo hadi juzi vilikuwa pori na minazi. Hakuna aliyekandika nyumba mle.

Nimefanya jaribio dogo ambalo kila mmoja anaweza kulirudia. Nimechukua udongo wa Nyali, nikauponda na kuutia ndani ya chupa ya kioo yenye maji, nikatikisa na kuiacha. Chini kabisa ulitua mchanga mweupe unaong'aa, kwa muda usiofika dakika moja. Juu yake ukatua ute mwekundu, na maji ya juu yalikuwa bado mekundu kesho yake asubuhi. Mchanga ule niliuosha na kuudondoshea ndimu: haukutoa povu hata kidogo. Ni kwatzi. Nilipopitisha sumaku ya spika kuukuu, punje nyeusi nyingi zikanasa. Sasa Fundi aniambie: matumbawe yalipata wapi kwatzi na punje nyeusi za chuma?

#10 Mwanafunzi wa Madini

Jaribio zuri, ila tulinde hitimisho. Punje zinazorukia sumaku ya kawaida kwa kishindo ni magnetaiti. Ilmenaiti, ambayo ndiyo nyingi katika mchanga mweusi wa pwani, hunasa kwa unyonge na inataka sumaku yenye nguvu zaidi. Na mjini hapa kila mtaa una fundi wa mageti; vumbi la grenda lake ni chuma kitupu na hunasa vizuri kuliko vyote. Chukua punje hizo uzitazame kwa lenzi: za grenda ni duara au zimejikunja, za asili zina kingo zilizovunjika au zilizosuguliwa.

Kuhusu kwatzi, hiyo ni hoja nzito. Tena inaelekea kwenye chanzo kilicho karibu zaidi kuliko Taita. Kutoka Kwale hadi Magarini kuna vilima vya mchanga mwekundu vinavyokwenda sambamba na pwani, na umri wake hukadiriwa kuwa wa Pliosini, yaani ni vikongwe kuliko matumbawe yetu. Ndani yake mna kwatzi, ute wa mfinyanzi mwekundu, na madini mazito ambayo ni ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Hayo ndiyo yaliyochimbwa Kwale, na shehena ya kwanza ilisafirishwa 2014 kupitia Likoni kwa Fundi. Madini hayo matatu ni mabaki ya miamba ya fuwele: feldispa iliyokuwa jirani yake iligeuka mfinyanzi, na yenyewe, kwa ugumu wake, yakasafiri. Kwa hiyo udongo wa Nyali unaweza kuwa umeteremka kutoka vilima hivyo vilivyo karibu. Wala haukuhitaji kutoka Voi mwaka huu.

#11 Fundi wa Likoni

Shehena nimeziona zikipita, udongo wake hawakutuachia hata wa kupanda mchicha.

Ndugu Mwanafunzi, hesabu yako ya sentimita sita imesimama juu ya asilimia moja uliyoitia mwenyewe. Nani kakwambia jiwe letu ni safi hivyo? Matumbawe ya ukingoni mwa bahari ni meupe, sawa. Lakini nyuma ya mwamba ule palikuwa na maji tulivu, na jiwe lililogandia pale ni la kijivu, lina tope na mchanga ndani yake; hata kulichonga ni tabu tofauti. Tia asilimia kumi mahali pa moja, na hesabu yako mwenyewe inakupa sentimita sitini. Kisha kumbuka kwamba maji huukokota udongo wa juu na kuukusanya mashimoni, ndiyo sababu hapa pana jiwe tupu na hatua tano mbele pana mfuko wa kumpita mtu. Na kwatzi ya Bwana Mdodosi ilikuwamo ndani ya jiwe hilohilo, ikaachwa jiwe lilipoyeyuka. Hakuna haja ya kilima.

#12 Mwalimu wa Zamani

Fundi amejibu vizuri, na waliosoma wasimdharau. Hata hivyo amelisogeza swali bila kulimaliza, kwa sababu tope lililonaswa ndani ya jiwe nalo lilitoka mahali. Matumbawe hayatengenezi aluminiamu. Kwa njia yoyote mtakayoishika, mwisho wa safari ni feldispa iliyooza kwenye mwamba wa fuwele. Mnachogombania ni vituo vya njiani.

Naongeza tatizo kwa wale wanaotumia maji ya mito. Matumbawe hayakui penye maji ya tope. Mmeona jinsi bahari ya Malindi inavyokuwa kahawia mto Sabaki unapofurika. Kama mito ingekuwa inamwaga udongo hapa kwa wingi miaka 125,000 iliyopita, mwamba huu usingejengeka. Na baada ya hapo bahari ilishuka, hadi mita 120 hivi chini ya ilivyo leo yapata miaka 20,000 iliyopita. Wakati huo Mombasa haikuwa kisiwa. Kilindini na Tudor zilikuwa mabonde ambayo mito iliyakata kwa kina, kisha bahari ikayafurika iliporudi. Mto unaopita chini bondeni hauwezi kutandaza udongo juu ya jiwe lililo makumi ya mita juu yake.

#13 Mchimba Visima

Mwalimu, kwa mto mkubwa nakubali. Lakini maji ya mvua yanayoteremka mteremkoni hayahitaji mto. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi mno katika hori ya Mwache, hata mikoko ikafa kwa mizizi kufukiwa. Huo ulikuwa msimu mmoja. Hata hivyo sioni jinsi maji hayo yangevuka hori na kupanda kisiwani, kwa hiyo kwa bara Kisauni yanaeleza mambo, kwa kisiwa hayaelezi.

#14 Mzaramo wa Pugu

Habari zenu wa Mombasa. Nasoma kutoka Dar es Salaam, na naona mabishano haya ni ndugu wa yale ya kwetu. Vilima vya Pugu vina kaolini nyeupe ndani ya jiwe la mchanga, ni mali inayojulikana tangu zamani. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya kuiosha: unaliponda jiwe, unalikoroga ndani ya maji, mchanga wa kwatzi unatua na kaolini inabaki ikielea nyeupe hadi uikusanye. Wapo wanaosema kaolini ile iliozea kwenye miamba ya fuwele ya bara ikaja na mto pamoja na mchanga. Wapo wanaosema kilichokuja na mto ni mchanga wenye feldispa bado mbichi, na feldispa ikaozea palepale Pugu baada ya kutua. Wote wanatazama jiwe moja. Msitegemee kumaliza yenu kabla yetu.

#15 Dada wa Kongowea

Samahani wakubwa. Ule udongo mgumu unaouzwa sokoni, ambao wajawazito huula, nao ni wa aina hii? Dada yangu hapitishi siku bila kipande, na harufu ya mvua ya kwanza ikipanda ndiyo anazidi.

#16 Mwanafunzi wa Madini

Dada, kwa sehemu kubwa udongo unaoliwa huwa na kaoliniti, na kaoliniti si sumu. Tatizo ni kwamba udongo unaweza kuzuia madini ya chuma ya chakula yasifyonzwe, na huweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi kutoka ulikochimbwa. Mjamzito anayeutamani kila siku apimwe damu kliniki, kwa kuwa hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu.

#17 Bi Mkubwa wa Mwembe Tayari

Na asiende kuuchimba Kibokoni, tumekwisha sema mle mna nini.

#18 Mtaita wa Wundanyi

Kabla uzi haujahamia jikoni, nina hoja. Wote mmesema miamba ya fuwele iko baada ya Taru. Mmesahau kilima cha Jombo hapo Kwale. Ni mwamba wa fuwele uliopanda kutoka chini ukapenya mawe ya mchanga, wenye feldispa na nefelini tele, na nefelini huoza haraka kuliko feldispa. Jirani yake Mrima umeoza kwa kina kikubwa hadi udongo wake unatafutwa kwa madini adimu. Kwa nini tupande basi hadi Voi?

#19 Mchimba Visima

Kwa sababu maji ya huko huelekea kusini, upande wa Funzi. Kwa udongo wa Msambweni na Ramisi, Jombo ana haki ya kudai. Kwa udongo wa Nyali hana njia.

Niseme na hili, kwa kuwa linawagusa wanaojenga. Udongo mwekundu wa juu ya matumbawe na ule wa kijivu wa Miritini si kitu kimoja, hata kama wote unanata. Ule wa Miritini kiangazi hupasuka nyufa za kuingia kiganja, mvua ikinyesha huvimba na kuinua sakafu. Mwekundu haufanyi hivyo. Mteja wangu mmoja alijenga ukuta wa uzio Miritini kwa msingi uleule aliotumia Nyali, na mvua za masika ziliupasua kwa ulalo kutoka kona hadi kona. Mafundi wa barabara huko huchanganya udongo na chokaa, na uvimbe hupungua sana.

#20 Mwanafunzi wa Madini

Hapo Mchimba Visima amegusa kiini. Udongo unaovimba una smektiti nyingi, nao ni jamii nyingine ya mfinyanzi. Kaoliniti ina tabaka zilizoshikana imara, maji hayapenyi katikati yake. Tabaka za smektiti hushikiliwa kwa ulegevu na ioni zilizo katikati, kwa hiyo maji huingia na kuzitenganisha. Chokaa husaidia kwa sababu kalsiamu huchukua nafasi ya ioni hizo na kuzifunga tabaka. Kinachoamua ni ipi itazaliwa si jiwe mama peke yake, ni maji pia. Maji yakipita vizuri na kubeba silika, unapata kaoliniti. Yakituama, na kukiwa na kalsiamu na magnesi nyingi, unapata smektiti. Ndiyo maana nyanda za Athi zina udongo mweusi unaovimba juu ya mawe ya volkeno, ilhali miteremko yenye maji yanayotoka ni myekundu.

Sasa tazameni kitendawili. Juu ya matumbawe kalsiamu imejaa. Kama mfinyanzi wa Mombasa ungekuwa umeumbika palepale, ningetarajia smektiti. Lakini wanajukwaa wanasema haupasuki wala hauvimbi, jambo linaloashiria kaoliniti, yaani mfinyanzi ulioumbika penye mvua kali na maji yanayotoka, kama milimani kwa Mtaita, kisha ukaletwa tayari umekamilika. Eksirei ya maabara ingetuonyesha kwa siku moja.

#21 Fundi wa Likoni

Na mimi naona kinyume. Jiwe la matumbawe lina matundu, maji hayatuami humo hata saa moja. Hiyo si ndiyo hali uliyosema huzaa kaoliniti? Kalsiamu yako inaondoka na maji kabla haijamshika mtu.

#22 Mwalimu wa Zamani

Hoja ya Fundi ina uzito, na Mwanafunzi ana deni la kuijibu. Naongeza kwamba eksirei itatuambia ni madini gani, haitatuambia yalikuja kwa njia gani. Kwa njia, afadhali zirkoni. Ndani yake mna urani inayogeuka risasi kwa kasi inayojulikana, na umri wa kila punje unaweza kupimwa. Lakini hata zirkoni ikionyesha umri wa miamba ya fuwele ya bara, vilima vya Magarini na mawe ya Mazeras yana zirkoni za umri huohuo, maana zote ni za ukoo mmoja.

#23 Nahodha Mstaafu

Na vumbi je? Hamjanijibu. Vumbi la upepo ni punje ndogo mno, zote za kimo kimoja. Tikiseni chupa yenu tena mtazame ute, si mchanga.

#24 Mdodosi wa Kibokoni

Nahodha, umesema kweli kwamba tuliutazama mchanga zaidi. Tatizo ni kwamba mfinyanzi wenyewe ni mdogo kuliko vumbi, chini ya mikroni 2, kwa hiyo ute hautatofautisha. Cha kutafuta ni kwatzi laini ya katikati, ya ukubwa unaobebeka na upepo lakini isiyo mchanga. Atakayekuwa na chekecheo la nyavu laini tuwasiliane.

#25 Fundi wa Likoni

Nina shimo la tangi wazi Mtongwe hadi Alhamisi, kisha tunamwaga zege. Upande wa magharibi, kwenye kina cha mita mbili, kuna mfuko wa udongo mwekundu ambao juu yake jiwe halijavunjika. Mtu hakufika pale, na upepo wa Nahodha hauingii chini ya jiwe zima. Anayetaka sampuli aje na mfuko wake, na viatu vya kuchafuka.

#26 Nahodha Mstaafu

Upepo hauingii, lakini maji yanaingia, na maji huubeba hata ulioletwa na upepo. Nitakuja Jumatano baada ya alasiri. Mwambie Mwanafunzi alete hilo lenzi lake.